Nani Hurudisha Sare?

Saa nne asubuhi ya Jumatano, ua wa nyumba moja ya Mtoni, wilayani Temeke, umejaa vicheko. Wanawake wameketi mkekani wakibishania khanga mbili za mfano, moja ya zambarau na nyingine ya rangi ya machungwa. Harusi ni wiki mbili zijazo. Wapenzi wa zambarau wanashinda kwa kelele, si kwa wingi wao.

Somoe Mwinshehe, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, anawaacha wamalize. Kisha anaikunja ile ya machungwa na kuirudisha kapuni. Mama wa bi harusi ameshafungua fundo la khanga yake na kutoa noti. Hapo Somoe anainua kiganja.

“Kabla sijashika hela ya mtu, nina neno,” anasema. “Oda hii inakwenda na kuponi. Akitokea mmoja wenu akafiwa kabla ya harusi, akataka kurudisha doti yake, hela hairudi.”

Mtu mmoja anasema astaghfirullah kwa sauti ndogo. Aliyekuwa amekaa karibu na kapu anajisogeza pembeni. Mama wa bi harusi anazirudisha noti zake fundoni, taratibu, anakaza.

“Somoe, mwanangu anaolewa. Umetuletea khanga au umetuletea sanda?”

“Nimeleta khanga, dada. Ila hilo lazima niliseme.”

“Basi kaliseme kwa wengine.”

Somoe habishi. Anabeba kapu lake, anawatakia heri, anatoka. Ni nyumba ya tatu kumfanyia hivyo mwezi huu, na mwezi wenyewe haujafika nusu.

Kazi ya Somoe ni kukusanya oda za sare za harusi. Wenye harusi wakishakubaliana rangi, yeye hupiga simu kutoka duka la dawa la jirani yake Tandika kwenda duka moja la jumla la Kariakoo. Anataja namba ya khanga na idadi ya doti. Siku mbili baadaye pikapu ya duka huleta mzigo mpaka mlangoni kwake, na dereva huondoka na fedha. Wanawake wa Temeke hawana haja tena ya kwenda Kariakoo kusukumana.

Alianza baada ya kiwanda cha nguo alichofanyia kazi miaka kumi na mmoja kumpunguza, mwaka 1991. Anakumbuka zamani za foleni, alipoamka usiku kwenda kuwekea jiwe nafasi kwenye duka la ushirika, na akifika dirishani anaambiwa khanga zimekwisha. Leo nguo zimejaa mpaka zinaning’inia barabarani.

“Zamani hela tulikuwa nazo, nguo hamna,” anasema. “Sasa nguo zipo, ndiyo hivyo tena. Mie nikaona nikae hapo katikati.”

Hapo katikati ndipo ilipoingia kuponi. Duka lilianza kuchapisha gazetini kipande cha kukata kwa mkasi. Doti moja ni shilingi elfu mbili. Ukiagiza doti ishirini kwa mpigo na kumkabidhi dereva kile kipande, kila doti inashuka hadi elfu moja na mia tano. Kwa wanawake wanaouza maandazi na kufua nguo za watu, mia tano si kitu cha kuchezea. Somoe akawa kipenzi cha Temeke. Kwa kila oda duka lilimpa elfu mbili, na kuna miezi alipata harusi nane.

Nyuma ya kile kipande kulikuwa na maneno madogo. Yalisema punguzo ni la oda kamili, na oda ikipungua, bei ya kawaida itatumika kwa zote. Somoe hakudanganywa na mtu, maana kusoma anajua.

“Nilisoma nikacheka,” anasema. “Nani hurudisha sare?”

Asiyekulia pwani huenda asione kichekesho. Sare ni ahadi. Ukishatia neno lako mkekani kwamba utavaa na wenzako, umekwisha kujifunga. Mtu anaweza kukopa, anaweza kuuza kuku wake, anaweza kugombana na mumewe juma zima, lakini sare haachi. Kuirudisha ni kumtukana mwenye harusi mbele za watu. Aliyetunga yale maneno madogo hakuwa akiwafikiria wanawake wa Temeke, na wanawake wa Temeke hawakuwa na sababu ya kumfikiria yeye.

Miezi mitatu iliyopita, Nusaiba, mama mmoja wa Tandika, alikuwa akimwoza binti yake. Somoe alipeleka oda ya doti ishirini kamili, haizidi wala haipungui. Mzigo ulifika Jumanne. Alhamisi, fundi uashi aitwaye Mfaume alirudi kutoka kazini Mbezi Beach akitetemeka kwa homa. Jumamosi alizikwa. Mkewe, Naima, alikuwa mmoja wa wale ishirini.

Somoe alikwenda msibani kama jirani mwingine yeyote. Siku ya tatu, watu walipoanza kupungua, Naima alimwita ndani. Alikuwa amejifunga nguo nyeupe ya wifi yake. Alivuta chini ya mto ile doti ya sare, bado imekunjwa na karatasi yake ya dukani, akaiweka mapajani mwa Somoe.

“Nirudishie hela yangu, dada Somoe,” akamwambia. “Nataka nikanunue nyeupe ya kwangu.”

Somoe alimjibu kwamba nguo ya eda haiwezi kumshinda mtu mwenye majirani, angemletea mwenyewe jioni ile ile. Naima akatikisa kichwa.

“Hiyo hela alinipa Mfaume. Hakunipa nyingine tena baada ya hiyo. Aliniambia, ‘Kavae na wenzio.’ Sasa nikae eda yake kwa nguo ya kuazima, na hela yake imelala kwenye khanga ya harusi?”

Somoe aliichukua khanga akaondoka nayo kwenda Kariakoo.

Karani wa duka, Ansbert, ni kijana mpole, na Somoe hataki asemwe vibaya. Alisimama, akatoa pole, akamletea kiti. Kisha akageuza kuponi na kumsomea maneno madogo kwa utaratibu, kama anayemsomea mgonjwa majibu ya hospitali.

“Mama, ukiirudisha hii, zinabaki kumi na tisa. Kumi na tisa hazina punguzo, kila moja inarudi elfu mbili. Nyie mmelipa elfu thelathini. Kumi na tisa ni elfu thelathini na nane. Hatuna cha kuwarudishia. Nyie ndio mnadaiwa elfu nane.”

Somoe alimwomba arudie. Akarudia. Hesabu haikubadilika.

“Kwani ni elfu moja na mia tano tu, mama,” Ansbert akasema. “Si mumchangie?”

“Angekuwa anataka mchango, baba, asingenituma hapa.”

Kulikuwa na mlango mmoja uliobaki. Akipatikana mwanamke mwingine wa kuichukua doti ile, oda ingebaki ishirini na Naima angepata fedha yake halali. Somoe alizunguka Tandika nzima. Aliwafuata wale waliowahi kulalamika kwamba wameikosa sare ile. Aliyekuwa amelia kwa kuikosa alipoambiwa ilikotoka alirudi nyuma hatua nzima.

“Nguo ya mwenye eda niende nayo kwenye ngoma? Mie nina watoto, Somoe.”

Mtu asiwalaumu. Harusini watu hujikinga na mkosi hata wale wanaosema hawaamini mkosi.

Jioni Somoe alisimama nje ya nyumba ya Naima akiwa na shilingi elfu moja na mia tano yake mwenyewe mkononi. Kilichohitajika ni sentensi moja tu: duka limerudisha. Naima angeshukuru, angenunua nguo yake, na jambo lingekwisha. Uongo huo ulikuwa rahisi mno, na ulikuwa wa huruma. Somoe anakiri kwamba aliufanyia mazoezi njiani.

“Lakini nilipoingia, nikamwona vile alivyonitazama mkononi,” anasema. “Mfiwa humdanganyi kwa kitu cha marehemu wake. Hilo linakurudia.”

Basi akamweleza yote: kuponi, kumi na tisa, elfu nane. Naima alisikiliza mpaka mwisho. Kisha Somoe akamwambia, “Duka halirudishi. Ila mie nainunua.”

“Unainunua, au unanihurumia?”

“Nainunua. Nitaivaa.”

“Utaivaa wapi?”

Hapo ndipo Somoe alipoona shimo alilojichimbia. Khanga ya sare huvaliwa na sare yake. “Harusini,” akajibu.

Naima akazipokea zile fedha. Kesho yake wifi yake alitumwa sokoni kununua nguo nyeupe.

Muuza sare si mwalikwa. Hilo linajulikana, na Somoe alikuwa amelishika kwa miaka mitatu: analeta khanga, anapokea shukrani, anakwenda zake. Siku ya harusi ya binti Nusaiba alioga, akajifunga doti ya Naima, akaingia uani kwa watu bila kuitwa. Wanawake kumi na tisa waliovaa kama yeye walimtazama. Wote walijua ile ya ishirini ilikuwa ya nani. Aliketi kwenye ncha ya mkeka, na waliokuwa karibu wakakumbuka kwamba wana kazi jikoni.

Alikaa peke yake mpaka chakula kilipoiva. Nusaiba akatoka na sahani ya pilau, akampakulia kwa mkono wake mwenyewe, akamwekea mbele, akageuka bila kusema neno.

“Mpaka leo sijui alinikaribisha au aliniambia nile niondoke,” Somoe anasema. Anafuta macho kwa ncha ya khanga na haoni haya. “Nilikula. Nilikula yote.”

Siku hiyo ndipo alipoapa kutopokea hela ya mtu bila kuyasema wazi yale maneno madogo. Na kwa kuwa sababu pekee ya kumfanya mwanamke wa pwani arudishe sare ni kifo, hana jinsi ya kuyasema bila kukitaja. Wateja wanamwita mdomo wa uchuro. Kutoka harusi nane kwa mwezi, sasa akipata tatu hushukuru. Kodi ya chumba anachokaa na mama yake ni elfu tatu kwa mwezi, na amechelewa miezi miwili.

Kwa nini asinyamaze, kama wanavyonyamaza wakusanyaji wengine? Anaulizwa hivyo mara nyingi, hata na mama yake.

“Kwa sababu yupo Naima mwingine. Simjui ni nani, lakini yupo kwenye kila mkeka ninaokaa.”

Naima mwenyewe amebakiza mwezi mmoja kumaliza eda. Alikubali kuzungumza na mwandishi wa habari hizi akiwa nyuma ya pazia, Somoe akiwa mlangoni. Sauti yake ilikuwa tulivu.

“Sadaka nilipewa nyingi, Mungu awalipe waliotoa,” alisema. “Lakini sadaka ni ya watu. Mie nilitaka cha kwake yeye. Nguo hii ninayomkalia ni ya kwake. Naifua mwenyewe, simpi mtu.”

Alipoulizwa kama anajua kilichompata Somoe kwa ajili ya doti ile, alijibu: “Najua. Nikitoka, nitakaa naye mkekani. Tuone nani atasogea.”

Lakini Somoe hataki kungoja watu wamwonee haya mjane. Ana mpango wake, na Alhamisi, siku moja baada ya kufukuzwa Mtoni, aliupeleka kwa Ansbert. Alitaka kujua jambo moja. Akiagiza doti ishirini na moja badala ya ishirini, kisha moja ikarudi haijafunguliwa, je, zilizobaki zitashikilia punguzo lake?

Ansbert alisoma tena nyuma ya kuponi. Akaenda ndani kumwuliza tajiri wake. Aliporudi alisema ndiyo, zitashikilia, na iliyorudi italipwa elfu moja na mia tano kamili, mradi wiki mbili hazijapita tangu mzigo ufike.

Kwa hiyo kuanzia oda ijayo, ya harusi ya Jumapili ya wiki ijayo hapo Tandika, Somoe ataagiza doti ishirini na moja. Ile ya mwisho ataitolea fedha yake mwenyewe. Ameshajibana akapata elfu moja na mia tano, ya oda moja tu, na kwa ajili hiyo mwenye nyumba ameambiwa asubiri tena. Akifiwa mmoja wa wale ishirini, atarudisha yake alipwe fedha yake, na Somoe atabaki na doti ya ziada mkononi, hasara yake. Asipofiwa mtu, Somoe ndiye atakayerudisha. Vyovyote vile, mkekani hatalazimika tena kutaja kifo mbele ya mama wa bi harusi.

Na wakifiwa wawili?

“Hapo sina elfu moja na mia tano nyingine,” anasema. “Hapo ni Mungu.”

Harusi ikishakwisha salama, atapanda basi kwenda Kariakoo na doti yake ikiwa bado ndani ya karatasi. Ndilo analoliomba sasa, anasema, kila anaposwali, kwa harusi hii na kwa zote zitakazofuata.

“Naomba niwe mie peke yangu mwenye kurudisha.”