Banda la Vioo na Omena ya Mchanga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana wa Free Area hapa Nakuru, nilimaliza kujenga banda la kuku ambalo ungeliona ungevua viatu mlangoni. Mbao zimepigwa randa, rangi ya buluu, madirisha ya vioo. Vioo, mwanangu, kwa kuku! Watu walitoka mpaka mtaa wa Kaptembwo kuja kushangaa. Na kwa vile nilikuwa nimetoka tu kumaliza masomo ya usiku, yale ya watu wazima, nikijua hesabu zote za asilimia, nilijiona profesa wa kuku wa Bonde la Ufa lote.

Mtaji ulitoka kwa cherehani ya mke wangu Nekesa, ile iliyokuwa ikitulisha. Aliiuza kwa hiari yake, akaniambia, "Baba Brayo, huo ni mkono wangu wa kulia nimekupa. Hao kuku wasipotaga kufikia Krismasi, nawauzia hoteli wote, ninunue cherehani nyingine."

Basi, banda likameza karibu pesa zote. Vifaranga mia mbili wakamaliza zilizobaki. Na chakula je? Nilikuwa nimekisahau kabisa, kama mtu aliyepanga harusi akasahau bibi arusi. Nikasema si neno, nitachanganya mwenyewe. Nikatafuta pumba, mahindi ya kusaga, na omena, vile visamaki vidogo vikavu vya ziwani, ya bei ya chini kuliko zote sokoni. Chumvi na madini nikavimwaga juu ya rundo, nikakoroga kwa sepetu mara tatu nne, nikaenda zangu kunywa chai.

Kuku wakafika miezi mitano, wakaingia wa sita. Yai hakuna. Walidonoana manyoya mpaka wengine wakabaki uchi, nikawaonea haya. Jirani akipita anauliza, "Boss, hao wapangaji wako wataanza kulipa rent lini?" Nekesa hakucheka. Alikuwa ameshaongea na mwenye hoteli.

Hapo nikameza majivuno yangu, nikamwendea Mzee Wafula, jirani aliyezeeka akifanya kazi ya kusaga vyakula vya mifugo kiwandani. Alikuja, wala hakuwatazama kuku. Aliitisha gilasi ya maji, akatia omena yangu konzi moja, akakoroga, akangoja. Mchanga ukatua chini. Naapa ungetosha kujengea choo.

"Kijana," akasema, "hawa kuku hawana shida. Wewe unawalisha ufuo wa ziwa halafu unangoja mayai. Na hewa inapitia wapi humu? Umewajengea benki."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Ng'oa vioo."

Niliving'oa, mwanangu, kila kimoja kikitoka na kipande cha roho yangu. Nikauza, nikaweka waya, na pesa ile ikaleta omena safi, soya, na chokaa ya kukaza maganda ya mayai. Kisha mzee akanifundisha kuchanganya. Chumvi na madini huanza kwenye beseni dogo la pumba, unasugua kwa mikono, ndipo unalimwaga beseni katika rundo kubwa na kuligeuza huku na huku hadi kila konzi ifanane na mwenzake. Kumbe mimi kuku mmoja nilikuwa nikimpa chumvi ya kumi, na wenzake hawaonji!

Wiki ya nne, Nekesa ndiye aliyeokota yai la kwanza. Alipiga kelele, "Baba Brayo! Baba Brayo!" mpaka waimbaji wa kanisa la jirani wakasimamisha wimbo. Baada ya hapo kuku walitaga kama wanashindana. Krismasi ilipofika, hoteli iliyokuwa ikingoja nyama ilikuwa ikipanga foleni ya mayai, na Nekesa alikuwa na cherehani mpya, ya umeme!

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Ukitaka kufuga, kwanza tenga pesa ya chakula, kuanzia kifaranga mpaka yai la kwanza, na usiiguse hata ukiota banda la ghorofa. Halafu nunua vifaranga wanaotoshwa na chakula hicho. Kinachobaki ndicho kijenge, hata kama ni mabati ya zamani na waya. Ukichanganya mwenyewe, usinunue omena kabla ya kuitia kwenye maji, wala usione haya kumuuliza anayejua, ungali na kuku wa kuokoa.

Nenda, Mungu aibariki mikono yako itakayojaa pumba. Akuepushe na kideri, ugonjwa ule unaomaliza kuku banda zima, akupe majirani wa kukucheka mapema, na kila asubuhi uamshwe na kelele za kuku mia tano wanaotangaza mayai.