Jicho la Pili: Nione Mlima au Nione Sindano?

Admin, nisitiri jina, mji wetu wa Baraka, hapa kando ya ziwa, ni mdogo na mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 49, fundi wa kushona. Tangu tukimbie Lulimba tukaacha mashamba, cherehani yangu ndiyo inayolisha nyumba. Mgongo wa mume wangu hauwezi tena kazi.

Miaka michache iliyopita mtoto wa jicho aliniziba macho yote mawili, la kulia zaidi. Wakapita madaktari wa macho, wakasema watalipasua hilo la kulia kwanza na kuniwekea lenzi ndani. Daktari akaniuliza nataka kuona vizuri mbali au karibu, maana lenzi ile haifanyi vyote. Nyinyi mnaolala kwa amani mngejibu haraka: karibu, si wewe ni mshonaji? Lakini mimi ndio kwanza nilikuwa nimetoka kukimbia risasi. Nikasema mbali, nione nani anashuka mlimani. Akanipa miwani ya kushonea, akasema nitaihitaji maisha yangu yote.

Na jicho lile lilitusaidia, sikatai. Siku moja mchana naanika nguo, nikaona watu wenye bunduki wakiteremka, bado wako mbali sana. Nikaita majirani, tukaingia mitumbwini wote wazima. Mume wangu hachoki kuisimulia habari hiyo. Asichosimulia ni kwamba miwani ilibaki juu ya cherehani, na tuliporudi haikuwepo. Nyingine ilikanyagwa tukikimbia tena. Hii niliyo nayo nimeifunga kwa uzi, kioo kimoja kina ufa. Nashona kwa kupapasa. Juzi sindano ilinipita kidole, damu ikaingia kwenye gauni la bibi harusi, na mama yake akaenda kunisema soko zima.

Sasa jicho lenyewe la kulia limeanza ukungu. Daktari anasema utando umeota nyuma ya lenzi. Unaondolewa kwa mashine ya mwanga ambayo huku haipo, na barabara ya kuifikia imefungwa na vita. Kwa hiyo la kushoto, watakalolipasua wiki ijayo, ndilo nitakalolitegemea. Na ameniuliza swali lile lile.

Mume wangu alinijibia kabla sijafungua mdomo. "Mama ya batoto, ile jicho njo ilituokoa. Ukiweka ya karibu, nani ataangalia mulima? Nguo tunaweza kosa, batoto hapana."

Binti yetu mkubwa hakukubali. "Papa, mulima tutaangalia siye wote. Lakini kushona, ni mama peke yake. Tutakula mulima?"

Tangu siku hiyo baba na binti hawasalimiani, na mimi nalia jikoni nasingizia moshi. Nimechoka, jamani. Wengine wanachagua kitambaa, mimi nachagua watoto wangu wafe na nini.

Msiniandikie niombe Mungu, naomba kila siku. Daktari anataka neno moja tu kutoka kwangu, na lenzi ikishaingia haibadilishwi kirahisi. Nikisema mbali, nitawaona wanaokuja, na watoto watakimbia na njaa. Nikisema karibu, watakula, na siku watakaposhuka nitakuwa nimeinama juu ya sindano. Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?