Mama Aliporudi Baada ya Hitma

Nilipokuwa mtoto wa kuweza kubeba debe dogo la maji, si lile kubwa, nilimfungia mama yangu mlango. Nimeanza na hilo kusudi, maana nikilizungukazunguka halitatoka. Hata marehemu mume wangu sikumwambia, na yeye nilimwambia mengi. Limetoka sasa uzeeni, kwa ajili ya mjukuu wangu Zuhura na sinema zake.

Zuhura anakaa na mimi hapa Pongwe. Akishaosha vyombo vya mchana huegemeza simu kwenye kopo la sukari, tukakaa mkekani, mimi na ungo wangu wa mchele, yeye na wafu wake. Ndiyo, wafu. Sinema anazozipenda ni za watu waliokufa wakaamka, nguo zimechanika, wanakwenda kwa kuyumba mji mzima. Mimi shule sikuikanyaga, yale maandishi ya chini siyajui, lakini mtu akikimbizwa huhitaji kusomewa.

"Hao ni mazombi, Bibi. Wamekufa, wameamka, wanang'ata watu."

"Wana njaa?"

"Bibi bwana! Hawana njaa kama sisi."

"Sasa wanang'atia nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini niliangalia naye. Kila sinema ni ileile: ugonjwa umeingia, wazima wachache wamejifungia mahali, wanahesabu makopo ya chakula, wanagombana. Zuhura anazijua kanuni zote za kupona. Usipige kelele. Usirudi kuchukua kitu ulichosahau. Usifungue mlango.

Siku moja, kwenye sinema, watu walikuwa wamejifungia dukani, makabati wameyasukumia mlangoni. Nje yuko mwanamke, kashang'atwa, anagonga kioo. Ndani kuna mtoto wake, msichana, analia afunguliwe. Mwanamume mmoja kamshika kiuno.

Nikasema, "Mfungulie basi, si mama yake?"

"Bibi, asifungue! Akishang'atwa basi. Huyo si mama yake tena."

Nikaweka ungo chini. Nikamwambia nakwenda kuangalia kuku, nikaenda kusimama uani peke yangu, na kuku wala hawakuwa na shida yoyote. Maneno yale niliyasikia zamani, neno kwa neno, na hayakuwa ya sinema.

Sisi hatukuwa na mazombi. Tulikuwa na misukule. Aliyenifundisha ni bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanakombo, ndiye tuliyekuwa tukikaa naye, mimi na mama. Bibi alikuwa akisema mchawi akikutaka anakuchukua ungali hai. Ndugu zako wanalia, wanazika, kumbe wamezika gogo la mgomba. Wewe uko kwa mchawi unamlimia shamba. Ulimi umekatwa usije ukasema, na chakula chako ni pumba, kama kuku. Ndiyo maana, alisema Bibi, mtu wa kwenu akifa lazima umwone, umwoshe, ujue umemzika nani.

Msukule wetu hamng'ati mtu. Hilo nimelifikiria sana kwenye sinema za Zuhura. Wao wafu wao wanakimbiza watu. Wetu sisi ndio tuliowakimbia, nao wamesimama tu.

Basi mwaka huo ikaingia ndui. Mama, jina lake Mwanaidi, alikuwa akiuza vitumbua kwenye kambi ya manamba, wale watu wa bara waliokuja kukata mkonge. Akarudi siku moja na homa, siku ya tatu vipele usoni. Wakaja watu wa shamba na machela, wakampeleka kwenye mabanda waliyojenga katikati ya mkonge kwa ajili ya wagonjwa, na huko hakuna ruhusa kwenda mtu. Baba sikuwa naye. Alikwenda Mombasa kabla sijaota meno, hakurudi, na yeye wala hakuna aliyesema ni msukule.

Tukakaa. Mwezi ukaandama, ukaisha. Asubuhi moja akaja mlinzi wa shamba, akasimama mbali kule barabarani, akapaza sauti: "Yule mwanamke wa vitumbua amefariki! Tumeshamzika!"

Bibi akauliza, "Kaoshwa na nani?"

Yule bwana keshageuza mgongo.

Wanawake wa vitumbua kule mabandani walikuwa wawili. Hilo tulikuja kulijua baadaye sana. Wakati ule tulisikia tulichosikia. Tukakaa matanga, ikasomwa hitma ya kumwombea marehemu, Bibi akapika ubwabwa. Nguo za mama zikagawiwa kama desturi, ile kanga yake ya maua mekundu ikaenda kwa jirani. Na mimi nilikula ule ubwabwa, nikaongeza, nilikuwa na njaa. Lakini Bibi hakutulia. Alikuwa akifagia, anasimama na fagio mkononi, anasema peke yake, "Mwili sikuuona." Anafagia tena kidogo. "Mwili sikuuona mimi."

Hata arobaini haijafika, mchana, jua la saa sita, niko mlangoni nachambua mchicha, nikaona mtu anakuja kwenye kile kinjia cha kutoka mkongeni. Kavaa kaniki si yake. Kichwa kimenyolewa. Uso umetobokatoboka kama vumbi likipigwa na manyunyu ya kwanza. Nikamjua kwa mwendo. Mama alikuwa akitembea kama mtu anayesikiliza kitu.

Akafika uwanjani, akaniona, akafungua mdomo kuniita. Ukatoka upepo. Hhh. Hhh. Hakuna jina.

Wanangu, mimi nilikuwa nimefundishwa. Asiye na ulimi haongei. Niliutupa mchicha nikaingia ndani, nikasukuma komeo, nikavuta na kinu nikakiegemeza mlangoni, kinu ambacho siku nyingine hata kukitikisa siwezi. Kabla sijalisukuma komeo nilimwona uso. Alikuwa ameanza kucheka, kwa furaha ya kuniona. Kile kicheko nilikikata katikati.

Bibi akatoka uani mbio. "Kuna nini?"

"Msukule, Bibi."

Akachungulia dirishani. Mkono wake ukaja begani kwangu, ukawa unanifinya bila yeye kujua.

"Ni Mwanaidi," akasema. Kisha akasema, "Ni umbo lake."

Bibi alimpenda mwanawe, msije mkamfikiria vibaya. Alikuwa anaogopa, na mtu mwenye hofu hutafuta hakika. Akachukua bakuli mbili. Moja akatia ubwabwa uliolala. Nyingine akatia uji wa pumba tuliowapikia bata. Akatokea mlango wa uani, akaziweka chini pale pembeni ya uwanja, akarudi kinyumenyume.

"Kama ni mtu, atakula cha watu," akaniambia.

Mama alikuwa katembea toka alfajiri. Akachuchumaa. Akaziangalia zile bakuli muda mrefu sana. Na yeye ni mtoto wa Bi Mwanakombo kama mimi nilivyo mjukuu wake, hadithi zile alizisikia kabla yangu. Alijua anapimwa nini. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alijua. Akatia tonge la ubwabwa mdomoni, akajaribu, akakabwa, akakohoa mpaka akashika ardhi kwa mikono miwili. Akajaribu tena. Likashindikana. Basi akavuta ile bakuli ya pili, akafumba macho, akaunywa ule uji wa pumba wote.

Bibi alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa kasimama.

"Mishi," akaniambia, "usifungue. Huyo si mama yako tena."

Majirani walikuwa wamekwishajaa kwenye madirisha yao. Hakuna aliyetoka. Aliyetoka ni mmoja tu, Mama Eliza, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mumewe akifanya kazi mkongeni. Akaja na mwiko wake mkononi, alikuwa anasonga ugali. Akamtazama mama mdomoni, akamwinua kidevu kwenye mwanga, halafu akaja dirishani kwetu.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba."

"Huyu mwanao ana vidonda kooni! Ndui imemshuka mpaka huko. Ubwabwa mkavu atameza vipi?"

"Wewe wa kuja, hujui mambo ya huku."

"Mambo ya huku siyajui. Koo nalijua."

Akamshika mama mkono, tena mkono mtupu, bila kitambaa, akaenda naye kwake. Ile kanga ya maua mekundu ilikuwa imevaliwa na jirani yetu kule dirishani. Mama aliiona alipopita. Niliona anaiona.

Akakaa kwa Mama Eliza siku tisa. Watu wakaacha kupita njia ile. Watoto walikuwa wakishindana nani atasogea zaidi kabla ya kukimbia, na mimi walikuwa hawanichezeshi, maana ni mtoto wa msukule. Na nyumbani Bibi haongei. Hivyo siku zile tisa tulikuwa wapweke watatu, kila mmoja na kona yake, na hapo kati yetu ni hatua ambazo kuku alikuwa akizikatiza kutwa mara kumi.

Mimi nikitumwa maji nilikuwa nikimwona kibarazani kwa Mama Eliza. Hakuwa akiniita. Alikuwa akisimama tu nipite, na mimi napita mbali, kwenye miba. Siku ya tisa nilikuta keshatangulia, kapiga magoti katikati ya kinjia. Debe liko kichwani, sikuweza kukimbia. Nikaganda.

Akatoa ulimi.

Akautoa wote, mrefu, mpaka ukafika kidevuni, kama mtoto mtundu anavyomzomea mwenzake. Akauchezesha kushoto, akauchezesha kulia. Mzima! Mama yangu huyu, ambaye mimi nikimtolea mtu ulimi alikuwa akinifinya paja mpaka nalia! Nikaangalia ule ulimi, kicheko kikanitoka na maji yakanimwagikia. Na mimi nikautoa wangu. Tukakaa pale njiani mtu na mamaye, tumetoleana ndimi, yeye machozi yanamtiririka kwenye yale matundu ya uso.

Niliacha debe. Nikamshika kaniki, nikamvuta mpaka nyumbani, nikawa napiga kelele kwa mbali, "Bibi, anao! Anao!" Bibi akatoka. Akamtazama mdomoni kama Mama Eliza alivyomtazama. Radhi hakuomba, wazee wa zamani walikuwa hawaombi radhi watoto wao. Alikwenda jikoni akapika uji mwepesi wa mchele na tui, akaupoza kwa kuumimina huku na huku, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe.

Kwenye sinema ingeishia hapo. Zuhura akifika mahali watu wamepona huzima simu akaenda kuoga. Lakini mtu akipona ndipo anaanza kukaa na wale waliomfungia.

Jina la msukule halikutoka. Sauti yake ilirudi nusu, ya upepo, mpaka anakufa. Kwenye shughuli akikaa kwenye sinia na wanawake wenzake, mmoja kashiba ghafla, mwingine kakumbuka mtoto wake analia. Hakulalamika. Akaanza kwenda na bakuli yake mwenyewe, akila pembeni. Akiulizwa anasema koo. Koo lilikuwa limepona zamani. Mimi nilijua, na hata mimi, nikiwa na wenzangu, nilikuwa nakwenda kula na wenzangu.

Miaka ikapita. Nimeolewa Muheza, nimezaa, mama kaja kunitazama. Tumekaa uani mchana, nampakata mtoto, yeye ananimenyea muhogo. Akaniuliza bila kunitazama:

"Mishi. Ile hitma yangu, watu walikuja?"

Hakuwa ameniuliza hata siku moja. Mtu gani mwingine ana nafasi ya kuuliza swali hilo?

Ukweli, walikuja watu saba na maalimu. Ndui ilikuwa imewatisha. Ubwabwa ulibaki, tukala siku ya pili.

Nikamwambia, "Walijaa, mama. Mpaka wakakaa njiani. Walilia sana."

Akacheka kidogo, kwa ile sauti yake. Akamenya muhogo, akaweka, akachukua mwingine.

"Basi mbona siku niliyorudi hakutoka mtu?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale, mama, lile komeo ni mimi, si Bibi. Nikamgeuza mtoto bega la pili, nikasema muhogo umetosha.

Alikufa mauti yake baadaye, akiwa mtu mzima, tukamwosha wenyewe, na safari hii watu walikuja kwelikweli. Niliwahesabu. Walilia, na wengine ndio wale wale walioshiba ghafla. Sikuwachukia. Kumlilia maiti ni rahisi, maiti hakutazami. Kazi ni yule anayesimama uwanjani anakutazama, uso si ule uliouzoea, anangoja uamue kama bado ni wako. Mimi niliamua, na nilikuwa na siku tisa za kuchelewa. Alinisamehe zile siku, najua. Sijui kama angelinisamehe ule uongo wa watu kujaa njiani, maana aliuliza ukweli, akiwa hai, na mtu wa kumwambia nilikuwa mimi peke yangu.