Unga wa Kusugulia Sufuria

Mimi sipendi kufundishwa kazi, na yeyote hapa Korogwe aliyewahi kunipa kibarua atakwambia. Nimepanda mapaa tangu ndevu hazijaota. Tajiri mmoja aliponunua kiwanda kilichokufa cha mkonge, nje kidogo ya mji, akitaka kukigeuza godauni la mahindi, alinipigia simu nikalitazame paa. Nikaenda na ngazi yangu. Paa lile nalijua, nilihangaika nalo miaka mingi kiwanda kilipokuwa hai: kukata mabati kwa msumeno, kutoboa matundu ya bolti, kukwangua ukoga kwa brashi ya waya kila masika yakikaribia. Ni mabati ya asbesto, yale mazito ya kijivu yenye mawimbi makubwa. Sisi tuliyaita bati la saruji.

Getini nikamkuta binti amevaa buti na kofia ngumu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Fundi wako yuko wapi, mwanangu?”

“Mimi ndiye mkaguzi, nimetoka Tanga. Nakuomba hiyo ngazi uilaze chini kwanza.”

Loo! Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Lakini tajiri alikuwa pale pale, ananitazama, nikailaza.

Tuliingia ndani. Mabati yalikuwa yamepasuka sehemu nyingi, na chini ya kila ufa sakafu ilikuwa na vumbi jeupe, laini, limetulia. Nikataka kulipangusa kwa kiatu. Akanishika mkono, mtoto yule, akanivuta nyuma.

Akaanza kueleza, mimi nimefunga mikono kifuani. Bati lililo zima lisiguswe. Lipakwe rangi, liandikwe kwenye daftari la jengo, likaguliwe kila mwaka. Lililopasuka lishushwe, lakini kwa adabu: lilowanishwe maji, lifunguliwe bolti, lishuke bila kuvunjwa, lifungwe kwenye nailoni mara mbili, likazikwe mahali palipoidhinishwa. Hakuna msumeno. Hakuna brashi. Hata ufagio hakuna.

“Sasa tutasafishaje, kwa dua?” nikamuuliza.

“Kwa tambara bichi, mzee. Na tambara lenyewe linazikwa.”

Nikacheka kwa nguvu ili tajiri asikie. Nikamwambia bati hili nimelikata mikono mitupu, pua wazi, na nipo hapa mbele yake mzima wa afya. Yeye hakucheka. Alisema vumbi lile ni nyuzi ndogo sana, jicho halizioni, mtu akizivuta zinakwama kwenye mapafu na hazitoki tena. Hazina haraka, alisema. Zinaweza kukaa miaka thelathini mtu anakula, anazaa, anacheza ngoma, ndipo kifua kianze kubana. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

“Vipande vilivyovunjika zamani mlikuwa mnavipeleka wapi?”

“Tulitupa,” nikasema.

Niliongopa. Tulivipeleka nyumbani.

Kwenye kambi yetu ya wafanyakazi kila mke alikuwa na kichanja chake cha vyombo nje ya mlango, na sufuria ndizo zilizosema mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Tulipikia kuni, masizi yalishika kama lami. Majivu na mchanga viliyatoa, lakini unga wa bati la saruji uliyatoa yakaisha kabisa, sufuria ikang'aa kama kioo cha kunyolea ndevu. Kipande kilitwangwa kwenye kinu kibovu, unga ukachekechwa kwa kanga kuukuu, ukatiwa kwenye kopo la maziwa. Mume aliyerudi jioni bila kipande alinuniwa. Mimi niliyekuwa juu ya paa nilichagua: nilileta vile vilivyozeeka, vinavyomumunyuka mkononi, ili mke wangu asipate shida. Nilijiona bwana kwelikweli. Watu wakienda msikitini Ijumaa walisimama kuvisifu vyombo vyake, na yeye huyo, kwa ukarimu wake, akawa anampelekea dada yake kopo zima kule Kwamsisi.

Sasa tangu mvua zilizopita mke wangu anakohoa.

Kikohozi kikavu, hakina makohozi, hakina damu. Kutoka sokoni mpaka nyumbani alikuwa anasimama mara mbili, anajifanya anafunga kanga upya. Walimpima TB, hana. Wakampa dawa za kifua, zikaisha. Mimi nilimwambia ni moshi wa jiko, nikamnunulia mtungi wa gesi, nikajisifu hata kwa hilo.

Siku ile nilirudi nikamkuta amekaa kizingitini anachambua mchele, anahema. Akaniuliza kazi ilikuwaje. Nikasema nzuri. Basi. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno la kumtukania mtu saruji mbaya, ulikufa ganzi. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa atanitazama vipi.

Wiki mbili nilifanya kazi chini ya yule binti kama mwanafunzi. Nilivaa barakoa nene na ovaroli ya karatasi, nikamwagia maji kila bati kabla ya kuligusa. Vijana wangu walicheka, wakasema mzee anaosha paa kama maiti. Nilimfukuza mmoja aliyevunja bati kwa nyundo, nikamfokea mpaka sauti ikakauka. Hakuelewa kwa nini. Kila nilipolowanisha bati nilihesabu miaka tangu kambi ile, na kila mara hesabu ilifika ile thelathini aliyoisema mkaguzi.

Kisha mke wangu akaandikiwa picha ya kifua. Binti yetu, aliyeolewa Mkumbara, akaja asubuhi kumsindikiza mama yake, amemwacha mtoto kwa wifi. Tuliingia wote watatu kwa daktari. Aliiinua picha dirishani, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaishusha.

“Mama, umewahi kufanya kazi ya vumbi? Machimbo? Kiwanda?”

“Hapana, daktari. Mimi ni mama wa nyumbani tu. Kiwandani sijawahi hata kukanyaga.”

Akaandika. Nikaona ile kalamu inakwenda na nikajua ikifika mwisho wa mstari tutapewa tena dawa za kifua na kurudishwa nyumbani.

“Daktari,” nikasema, “kiwanda nilimletea mimi.”

Nikaeleza yote: bati, vipande, kinu, kopo. Nilieleza nikitazama sakafu. Nilisema nilichagua vilivyolainika ili asichoke kutwanga, na hapo nikalia mbele ya watu, mtu mzima mimi. Mke wangu hakunipigia kelele. Aliniwekea mkono gotini, mkono wake mwepesi siku hizi, akauacha pale.

“Kutwanga?” akasema taratibu. “Mume wangu, mimi nilikuwa nasugulia tu.”

Sikumwelewa. Nikainua macho. Hakuwa ananitazama mimi, wala daktari.

Binti yetu alikuwa amesimama ukutani na mkoba wa mama yake kifuani.

“Nilikuwa natwanga mimi, baba,” akasema. “Kila nikitoka shule. Halafu nachekecha.”

Daktari akaacha kuandika. Akavuta kiti kilichokuwa nyuma ya mlango, akakiweka mbele yake, akamwambia binti yangu akae.