Povu Si Usafi

Siku niliyoambiwa nilaze shavu langu juu ya zulia naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile yamenitoka. Nilikuwa msichana kutoka Butiama, nafanya kibarua cha usafi kwenye nyumba ya wageni pale Musoma mjini. Ilikuwaga ya serikali. Maneno yalikuwa yameanza kuzagaa kwamba wafanyakazi watapunguzwa, na asiye na cheti cha ufundi ndiye atakayetangulia kwenda nyumbani. Nami nilikuwa na mama na wadogo zangu waliokula kwa mkono wangu.

Tukaletewa mwalimu, Bi Zuhura, mama mmoja wa Nyakato, hapo hapo Musoma, aliyejifunza kufua mazulia kwenye hoteli za Mwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa na pilipili. Utaratibu ulikuwa huu: yeye anakufundisha, akiridhika anatia sahihi fomu yako, ndipo msimamizi wa mitihani anakuja kukupima. Bila sahihi yake hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna cheti.

Ngoja nikueleze kitu, maana wewe umezaliwa umekuta sabuni imejaa madukani. Sisi tulikua wakati wa shida. Nguo tulikuwaga tunafulia majani ya mpapai, na kipande cha sabuni kikipatikana mama alikikata kwa uzi, akatugawia kama dawa. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka yakafunguka, sabuni za unga zikapangwa mpaka barazani. Mtu aliyelala njaa, ukimwekea ugali hapimi tonge.

Basi Bi Zuhura akanipa zulia la msikiti wa mtaani kwake, la upande wa wanawake, liwe kipimo changu. Akanionyesha sabuni ya kutia: kidogo tu, kiganja hakijai. Moyoni nikamwita bahili. Alipoondoka nikamimina mpaka povu likanifika kwenye viwiko, nikasugua huku naimba, nikasuuza juu juu, nikalianika kwenye mawe ya ufukweni. Liling'aa. Wenzangu walikuja kulitazama, na kichwa changu kikavimba. Nilijiona nimeshaajiriwa.

Haikupita wiki akaniita kule msikitini. Nikavua viatu, nikamfuata ndani. Kuanzia mlangoni kulikuwa na njia nyeusi juu ya zulia, kila palipopita miguu.

“Piga magoti, laza shavu lako hapo,” akasema.

Nikasita, mimi Mkatoliki. Akaniambia hanibadilishi dini, ananifundisha kazi. Nikalaza shavu. Nyuzi zilikuwa zimekakamaa.

“Linanata, mama,” nikasema.

“Ni sabuni yako hiyo. Kinachonata hukamata vumbi. Hapa watu wanaweka paji la uso, Nyangeta. Umefurahisha macho, zulia hukulifua.”

Nikamwomba atie sahihi tu, zulia nitalirudia baadaye, kwa kuwa siku ya kupunguzwa ilikuwa inakaribia. Nililia kabisa, sikuficha.

“Nikitia sahihi leo, mkono wangu utakuwa umesema uongo,” akanijibu, akanipa viatu vyangu.

Nilipunguzwa, mwanangu. Nikarudi Butiama kulima pamba, na kila jembe nililopiga nilimtaja yule mama kwa ubaya. Mama yangu alinisikiliza mpaka akachoka, akasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikamnunia na yeye.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, nikamwona Bi Zuhura anaingia uani, vumbi la basi limemjaa mpaka kope. Akaomba maji, akanywa, akasema, “Nilikukatalia mtihani, kazi sikukukatalia. Funga mzigo.” Nilitaka kukataa kwa hasira, lakini wadogo zangu walikuwa wananitazama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikafunga mzigo.

Akanichukua mpaka Bunda, tukawa tunafua mazulia ya misikiti, ya makanisa, ya maofisi. Huko ndiko nilikojua kwamba kusugua ni kazi ndogo. Kazi ni kusuuza: ndoo baada ya ndoo, unakamua, unasuuza tena, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Mgongo wangu ni shahidi. Siku moja tumekaa tunakula, akaniambia nilete ile fomu. Akaitia sahihi juu ya goti lake, akaendelea kula samaki wake. Mtihani nilifaulu.

Ile kazi ya mwanzo sikuipata tena. Lakini watu binafsi walikuwa wanafungua nyumba za wageni kila kukicha, nao waliuliza cheti, kisha waliuliza nimefundishwa na nani. Nikitaja jina la Bi Zuhura, maswali yanaisha.

Sasa sikia. Povu si usafi, na kitu kilichokuwa adimu kikipatikana kinataka kiasi vilevile. Cheti ni karatasi tu. Uzito wake unatoka kwa mtu anayethubutu kumnyima asiyekuwa tayari. Kwa hiyo anayekukatalia usikimbilie kumwita adui. Muulize, “Bado nini?” Kisha kafanye hicho.

Najua tangu juzi hunisemeshi. Sasa mwalimu wako ni mimi, fomu yako ya mtihani ninayo na sijaitia sahihi, kwa sababu lile zulia ulilofua nililikamua kwa mkono wangu, likatoa povu. Ndoo zipo, maji yapo, na kesho asubuhi nitakuwepo. Mungu akupe mikono isiyodanganya na jina litakaloaminiwa hata usipokuwepo. Na leo akuondolee hasira, ulale.