Kulthumu na Walinzi Wake

Mtaa mzima wa Bel-Air unamjua Kulthumu kwa mambo mawili: mishono isiyofumuka na ulimi usiokaa ndani. Alipoanza kukanyaga cherehani bila kuihisi unyayoni, aliusuta mguu wake mbele ya wateja, nao wakacheka mpaka machozi. Jicho la kushoto lilipoingia ukungu, hakucheka mtu.

Mganga wa hospitali alimtajia jina la ugonjwa, sclérose en plaques, akamfafanulia. Damuni mna chembe za kuulinda mwili. Zake zilikosea njia: zilipenya hadi ubongoni, zikaanza kuguguna ngozi inayofunika neva zikidhani ni adui. Nyingine zikishaingia hazitoki, zinabaki humo zikitafuna polepole kwa miaka. Vidonge alivyopewa vilikuwa vya kuzituliza. "Na kazi usiache," mganga alisisitiza.

Mama Nafisa, mama mdogo aliyemlea, alisikia neno "ugonjwa" tu, mengine yakapita. Akahamia kwake na beseni la tangawizi, vitunguu saumu na majani ya moringa. Siku ya tatu aliifungia cherehani chumbani, ufunguo akautia kifuani. Mkasi nao ukaenda. Kidogo amlishe hata bukari, yaani ugali, kwa mkono wake.

Wiki mbili Kulthumu alikaa kitini kama mgeni wa msiba. Aliogopa, tena sana: cherehani ikilala mwezi mzima, miguu itasahau kazi, na bila kazi hiyo yeye ni nani?

Alhamisi kikombe cha tangawizi na moringa kikaja tena.

"Kunywa, mutoto yangu. Inaongeza basoda ba kulinda mwili."

"Mama, basoda bako bengi. Njo bo benyewe banakula mishipa yangu."

"Basoda gani banapiga mwenye nyumba?"

"Habako babaya. Banalinda sana, banalinda mupaka banabomoa." Kulthumu akamkazia macho. "Sawa vile weye na mashini yangu ya kushona."

Mama Nafisa alikichukua kikombe chake kikiwa bado kimejaa, jambo ambalo ukoo mzima haujapata kuliona. Akaondoka nacho. Kulthumu akajilaumu: ulimi huu utamponza.

Mara akasikia kitu kizito kikiburutwa ukumbini. Mama Nafisa aliitua cherehani mbele yake, akihema, akampa na ufunguo.

"Shona. Lakini mi nitaikala hapa."

Uzi wa Kulthumu ulikosa tundu la sindano mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Nafisa aliikalia mikono yake yote miwili isije ikamsaidia. Mara ya nne ukapita.