Mikia Inayokimbia Maji

Wanafunzi walimwita Fundi Chupa, maana kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa kuosha na kupanga vyombo vya maabara ya shule. Mkewe ndiye aliyefundisha biolojia humo humo. Hata nyumbani alimwita "Mwalimu", naye mke hakuchoka kumtania: "Haya, mwanafunzi wangu, chai iko wapi?"

Mwalimu aliugua figo, akafariki mwezi wa tatu. Mwalimu mwingine hakuletwa, na vipindi vya biolojia vikawa vinapita hivi hivi.

Asubuhi moja mkuu wa shule akamfuata Fundi maabara. "Mzee wangu, mtihani huo umefika. Lipidi wanafunzi hawajazigusa kabisa. Nisaidie."

"Mimi naosha vyombo tu, mkuu."

"Umemsikiliza miaka yote hiyo. Jaribu."

Akasimama mbele ya darasa. Akatia matone ya mafuta ya alizeti kwenye spiriti, akatikisa, akamimina maji. Kila kitu kikageuka cheupe kama maziwa. "Mkiona hivyo, lipidi ipo," akasema. Akaeleza kwamba mafuta ni gliseroli moja iliyoshikana na asidi tatu za mafuta, na kwamba mwili huyatunza yawe akiba ya nguvu na kinga ya baridi.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Na utando wa seli je? Maji yako ndani, maji yako nje. Mbona hauyeyuki?"

Swali hilo Mwalimu alilipenda kuliko yote. Kila mwaka alilingoja kama mgeni. Fundi akachukua chaki, akachora lipidi ya utando: kichwa na mikia miwili.

"Kichwa kinapenda maji, mikia inayakimbia. Basi lipidi hizi zinajipanga safu mbili: vichwa vinatazama maji ya huku na ya kule, mikia imejificha katikati. Hakuna gundi wala msumari. Maji yenyewe ndiyo yanayozibana pamoja."

"Umesema kama yeye," msichana akamwambia taratibu.

Fundi akatamani kipindi kisiishe.

Alipoombwa na mkuu afundishe tena Alhamisi, alikubali. Alasiri ile, nyumbani, akalifungua sanduku ambalo hakuwa amethubutu kuligusa tangu msiba, akatoa madaftari ya Mwalimu, akaketi dirishani kusoma habari za homoni zinazotokana na lipidi. Mwandiko ulikuwa ule ule, wa haraka, umeinamia kulia. Katikati ya ukurasa wa pili akakwama.

"Mwalimu, hapa ulikuwa na maana ga—"

Akainua macho. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Akatia alama ya penseli pembeni mwa mstari ule, akaendelea kusoma.